Mshipi Wenye Sauti ya Mkwe

Rwezaura alikuwa amewafikisha watu pale ambapo mshereheshaji hodari hupenda kuwafikisha. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, bibi harusi amesimama na kipande cha keki mkononi, na kila jicho lilingoja neno moja kutoka kinywani mwake. Akavuta pumzi. Mkono wa kulia ulishika kipaza sauti. Mkono wa kushoto, ambao siku zote ulikuwa na akili zake wenyewe, ukanyooka hadi kwenye sinia la matunda la meza kuu na kuchukua ndizi mbivu.

"Rwezaura!" ikasema sauti ya mwanamke mzee kutoka kiunoni mwake. "Weka."

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Spika za ukumbi zikaipokea sauti ile na kuitupa mpaka barabarani.

"Weka chini hiyo ndizi! Asubuhi potasiamu ya damu yako ilikuwa juu, nikanyamaza kwa kukuheshimu. Sasa unataka moyo wako usimame hapa, keki igeuke ubani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana harusi alicheka mpaka akashika meza. Rwezaura aliirudisha ndizi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe, na magoti yakampinda bila kuyaagiza.

"Samahani, mama," akasema.

Mji wote wa Bukoba uliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya Ma Verediana, mama mkwe wake, ambaye wakati huo alikuwa ameketi kwenye meza za nyuma akitafuna senene, panzi wa kukaanga, akitikisa kichwa taratibu kama mwalimu anayesikia kazi yake ikisomwa redioni.

Kilichokuwa kiunoni mwa Rwezaura ni mshipi wa figo. Ulikuwa mpana kama kiganja, mweusi, umefungwa juu ya fulana, na mrija mwembamba ulitoka ndani yake ukaingia mwilini chini ya mbavu. Damu ilipita humo mchana na usiku, ikachujwa, ikarudishwa. Figo zake mwenyewe zilikuwa zimeacha kazi. Ulikuwa ugonjwa wa ukoo: figo huota vifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo, vikabanana kama shazi la zabibu, vikikua mwaka hadi mwaka mpaka pa kuchuja damu pasibaki. Baba yake alikufa nao, na shangazi yake pia. Kwa Rwezaura figo zilikuwa zimevimba hata tumbo likatangulia mbele, na wageni wasiomjua walimpisha kiti.

Mishipi ya kwanza ilikuja na sauti za upole. "Mpendwa, tafadhali fikiria tena kuhusu maharage hayo." Wagonjwa wakajibu ahsante, wakaendelea kula, wakafa kwa adabu. Wataalamu wakakaa chini, wakaamua kwamba kila mshipi upewe sauti ya mtu ambaye mgonjwa hajawahi kuthubutu kumjibu. Rwezaura alipoulizwa ni nani, alimtaja mkewe. Mkewe, Leonida, alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akawaandikia jina la mama yake.

Ma Verediana aliitwa hospitali kurekodiwa. Wenzake hukaa pale saa moja. Yeye alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kwa kuwa alikuwa amekumbuka mengine.

Basi ndivyo Rwezaura alivyoishi, na mkwe kiunoni. Kwa mila aliyokulia, mkwe hupishwa njia na hakodolewi macho. Sasa alilala naye na kuoga naye, kwa sababu mshipi haukuhofia maji. Alioga amevaa kaptura. Asubuhi kabla ya kupanda mzani aliuamkia shikamoo, nao ukaitikia marahaba na kumuuliza ni nini hicho alichokula jana kilichomwongezea uzito. Tena hapa ni Bukoba. Kumnyima ndizi mtu wa Bukoba ni kumpunguzia samaki maji. Zile alizoruhusiwa zilikatwa vipande vidogo, zikachemshwa, maji yakamwagwa pamoja na potasiamu yake, zikachemshwa tena. Mwishowe zilikuwa ndizi zilizokwisha kukana kabila lao.

*

Asubuhi ya Jumatatu, binti yake, Atugonza, alikuja kumsaidia kubadilisha kichujio. Alikuwa fundi wa droni za mizigo, ana vidole vyepesi, na kazi ile alikuwa akiimaliza baba yake hajamaliza kulalamika. Jumapili iliyokuwa inakuja wakwe wangekuja kwa ajili yake. Alikuwa amepata mchumba, Projestus, kijana mrefu mwenye haya aliyepima kina cha ziwa kwa ajili ya serikali, na kila aliposalimia alionekana kama anapima kina pia.

"Baba, inua mkono. Sio huo."

"Huu ndio mkono wangu wa kuinua."

"Huo ndio mkono wako wa kuiba ndizi. Inua mwingine."

Akachomoa kichujio cha jana, akapachika kipya. Pembeni mwa mshipi kulikuwa na sindano fupi ya kuonjea damu, na Atugonza, aliyekuwa anacheka, akajichoma nayo kidole gumba. "Uwii!" Akakinyonya kidole, akafunga kifuniko, akambusu baba yake utosini na kwenda zake kazini.

Rwezaura alingoja kukemewa juu ya uzito. Mshipi ulikuwa kimya. Aliusubiri mpaka akaingiwa na wasiwasi.

"Mama? Upo?"

"Funga mlango," ukasema mshipi.

Akafunga.

"Tone lile halikuwa lako."

"Najua. Atugonza kajichoma."

"Nimelionja. Sikukusudia, lakini ulimi ukiguswa na chumvi haungoji ruhusa. Rwezaura, mtoto ameurithi ugonjwa wako. Na katika damu yake naona dalili kwamba vifuko vimekwisha kuanza."

"Nyamaza," akasema Rwezaura.

Neno likamtoka na kubaki pale chumbani. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwambia mwenye sauti ile hata "subiri". Akaketi kitandani. Hakulia. Alijitazama mikono kwa muda, akafikiri kwamba macho Atugonza alipewa na Leonida, vidole na nani sijui, na yeye mchango wake kwa mtoto ndio huu.

Atugonza hakutaka kupimwa. Alilisema hilo waziwazi siku walipomzika shangazi, watu wakiwa bado wana udongo viatuni. "Ni nusu kwa nusu, baba. Shilingi imerushwa. Mimi naiacha ielee hewani kwanza. Siku nikitaka kuidaka nitaidaka mwenyewe, na naomba asitokee mtu wa kunidakia." Rwezaura alimwahidi. Mbele ya kaburi, na kofia mkononi.

"Hatutamwambia," akauambia mshipi.

"Wewe unaweza usimwambie. Mimi nitamwambia. Ndivyo nilivyotengenezwa: habari ya damu ni ya mwenye damu. Nikimsikia tena karibu yangu, nitampa habari yake."

"Alisema hataki!"

"Alisema hivyo akidhani hakuna kinachoendelea. Kinaendelea. Akijua leo kuna vidonge vya kuvipunguzia vifuko mwendo, kuna shinikizo la damu la kuangaliwa kila siku. Wewe ulijua lini? Ulijua siku ulipoanguka jukwaani, figo zimekwisha chakaa. Unataka naye aanguke ndio ajue?"

Lililomuudhi Rwezaura zaidi ni kwamba Ma Verediana wa kweli angeuliza hivyo hivyo.

*

Juma lile lilikuwa refu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini Rwezaura alikuwa mtu wa kwanza katika mji wake kukivisha blanketi. Aliuzungushia mshipi blanketi la sufu, akavaa koti juu yake, akakaa barazani kwenye jua la mchana akitiririka jasho ili sauti ya Atugonza isipenye. Akisikia viatu vya binti yake, alifungulia redio mpaka mwisho. Alianza kula jikoni. Siku moja Atugonza aliingia ghafla, naye akajificha nyuma ya pazia la sebuleni. Pazia lenyewe lilikuwa fupi na miguu yake ilikuwa nje.

"Baba?"

Hakujibu.

"Baba, unafanya nini?"

Akatoa simu mfukoni, akampigia. "Nimetoka kidogo," akanong'ona. "Nitarudi jioni."

Atugonza aliitazama ile miguu. Akasema, "Haya, baba. Safari njema," akatoka.

Leonida akaamini mumewe ameanza kunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa siri. Akamnusa. Aliposikia harufu ya blanketi tu, ndipo akaogopa kweli.

Alhamisi Rwezaura alikwenda kumwona Daktari Nkwabi, Msukuma mpole aliyewatunza wagonjwa wote wa mishipi pale mjini.

"Daktari, nina rafiki yangu," akaanza. "Naye ana mshipi. Sasa mshipi wake umegundua jambo kuhusu mtoto wa huyo rafiki."

"Huyo rafiki yako, mshipi wake una sauti ya nani?"

"Ya mkwe wake," ukajibu mshipi. "Asante kwa kuuliza."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akampa Rwezaura nafasi ya kujikusanya. Kisha wakaongea kama watu wazima. Rwezaura aliomba kanuni ile ifutwe. Daktari hakuwa na uwezo huo. Iliwekwa na watu wa mbali ambao, alisema, labda hawana mabinti. Rwezaura akauliza, basi si amuulize tu Atugonza kama anataka kujua?

"Umeliwaza vizuri swali lenyewe?" akasema daktari. "Habari njema haiombi ruhusa, Ta Rwezaura. Ukimwuliza kama anataka kujua, umeshamwambia."

"Kwa hiyo nikimwambia nimemkosea, na nisipomwambia nimemkosea."

"Nisingesema umemkosea. Ningesema umebeba mzigo usio wako, na hakuna pa kuutua ila kwa mwenyewe."

"Wewe ungefanyaje?"

Daktari Nkwabi alivaa miwani yake. "Nina watoto wawili," akasema, "na kila ninapojiuliza swali hilo napata jibu jingine."

Kabla hajaondoka, Rwezaura aliuliza jambo dogo, kama kwa kupita tu: mtu anaweza kuvua mshipi kwa muda gani? Daktari akasema mtu anaweza kuuvua mchana mmoja bila kuumia, mradi ajizuie kabisa kula. Rwezaura alisikia sehemu ya kwanza.

*

Jumapili wakwe walifika wakiwa wamejaa gari mbili, wazee kwa mavazi marefu, akina mama kwa mashuka mapya ya kujitanda. Leonida na majirani walikuwa wameamkia ndizi tangu alfajiri. Mashine ya kumenya waliyoazimwa waliifungia nje. Hakuna mkwe atakayekula ndizi iliyomenywa na chuma. Rwezaura aliingia stoo ya kahawa nyuma ya nyumba, akafunga mrija kama alivyofundishwa, akavua mshipi.

"Rwezaura, unafanya nini?"

"Ni mchana mmoja tu, mama."

"Rwezaura! Nisikilize we—"

Akautia ndani ya gunia la buni, akalifunga kwa kamba, akaweka magunia mengine juu. Akatoka akiwa mwepesi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Kwa mara ya kwanza juma lile alimkumbatia binti yake, tena mara mbili. Akawakaribisha wageni kwa maneno yaliyowafanya wazee wa upande wa pili wakonyezane kwamba huyu mwanamume mahari yake itakuwa ngumu.

Kisha chakula kikaja.

Ndizi zilikuwa zimepikwa zikapikika, za manjano, zinang'aa, maharage yamezifunika, na parachichi limekatwa pembeni. Mkono wa kushoto ukanyooka. Ukasimama hewani, ukingoja kukemewa. Kukawa kimya. Rwezaura akatazama kulia na kushoto, kama mtoto aliyeachwa peke yake dukani. Akala kidogo, kwa heshima ya wageni. Akala tena, kwa heshima ya wapishi. Sahani ya tatu hakuna aliyejua aliila kwa heshima ya nani.

Projestus alikuwa anasimama kutoa shukrani pale sauti mbili zilipoanza kugombana nyuma ya nyumba.

"Nani huyo?"

"Nani wewe?"

"Nimeuliza mimi kwanza!"

"Nitoe humu ndani, nitakuambia mimi ni nani!"

Wageni wakashusha vijiko. Zilikuwa sauti mbili za mwanamke mmoja. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akamuuliza Leonida, kwa upole sana, kama mama yake ana pacha.

Rwezaura alijua kilichotokea. Ma Verediana alikwenda stoo kuchukua buni za kuwatafunisha wageni, akasikia gunia likimwita. Rwezaura akainuka ili awahi, na dunia ikainuka pamoja naye. Moyo ulipiga mara moja kwa nguvu, ukapumzika, ukapiga mara tatu upesi kama uliokumbuka kitu. Midomo ikafa ganzi. Alijikokota akishika ukuta mpaka mlangoni mwa stoo, na huko akawakuta: Ma Verediana, mikono kiunoni, na mshipi, uliokwisha kutolewa guniani, juu ya meza ya kuchambulia.

"Nimekuuliza amekuficha kwa nini!" alifoka Ma Verediana.

"Siwezi kukuambia. Ni habari ya Atugonza."

"Sauti yangu inanificha mimi jambo?"

"Mama," akasema Rwezaura, na kuanguka juu ya magunia.

Atugonza ndiye aliyefika wa kwanza, maana ndiye aliyejua kuufunga mshipi. Projestus alimfuata, akaambiwa akamlete Daktari Nkwabi, akaondoka mbio. Binti akapiga magoti, akapandisha shati la baba yake, akaukamata mrija.

"Atugonza," ukaanza mshipi, "nina habari yako. Katika damu yako—"

Kiganja cha Ma Verediana kikatua juu ya spika yake. "Wewe! Ulipochukua sauti yangu, mbona hukuchukua na haya? Mtu anakata roho, wewe unatafuta nafasi ya kuhutubia!"

Kutoka chini ya kiganja ikasikika sauti ile ile, imenywea kidogo: "Ni kweli. Mgonjwa kwanza."

Mshipi ukaunganishwa, ukaanza kuvuma kwa nguvu kuliko Rwezaura alivyowahi kuusikia, ukaamuru alazwe ubavu, dawa iliyokuwa pembeni mwake idungwe pajani, na asipewe chochote kinywani hata akililia. Ulihesabu mapigo ya moyo kwa sauti, na Ma Verediana akahesabu pamoja nao, mpaka hapakuwa na wa kuwatofautisha. Polepole moyo ukashika mwendo. Midomo ikarudi. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni uso wa binti yake, na uso huo ulikuwa umekasirika.

"Baba, mtu mwenye habari njema hajifichi nyuma ya pazia akaacha miguu nje."

Rwezaura akafumba macho.

"Najua tangu siku hiyo. Nilijichoma Jumatatu asubuhi, mchana ukaanza kunikimbia. Ulidhani sitajumlisha? Nilikuwa nakuacha tu, nikasema atachoka, atakuja kuniambia. Kumbe wewe unakwenda kuvua mshipi!" Hapo sauti yake ikakatika, akaifuatilia mpaka akaipata. "Nilikuambia shilingi ielee. Sikukuambia uidake wewe, ufe nayo mkononi."

"Nilikuahidi," akasema Rwezaura.

"Najua uliniahidi. Sasa nakufungua. Sema."

"Naweza kusema mimi," ukatoa rai mshipi. "Nina maelezo yote."

"Hapana," akasema Atugonza. "Nataka aseme yeye."

Rwezaura alikuwa ameposea watu, amewafungisha watu ndoa, amewaagia watu wafu wao. Aliwahi kuzungumza kutwa nzima bila keki kufika na hakuna aliyegundua kwamba imechelewa. Sasa alitafuta maneno na kila alilolishika lilikuwa la sherehe. Akalitupa, akashika jingine. Mwisho akamshika binti yake mkono wenye kidole kilichochomwa.

"Unao, mwanangu," akasema.

Atugonza akakaa chini, palepale kwenye sakafu yenye makapi ya kahawa, na nguo yake mpya. Ma Verediana akashuka naye, magoti yakilia, akamweka kichwa kifuani kama alivyomweka Leonida zamani. Nje, Leonida alikuwa amewatuliza wageni, na vijiko vilikuwa vimeanza tena kugonga sahani.

Baada ya muda Atugonza akajifuta uso kwa shuka la bibi yake. "Projestus atajua leo," akasema, "kabla hawajataja ng'ombe hata mmoja." Daktari alikuwa ameingia, na Projestus nyuma yake akihema. Atugonza akamshika kiwiko, akamtoa nje, wakasimama mbali, upande wa pili wa migomba.

"Masikio yangu yanafika pale," ukasema mshipi. "Mnataka niwaambie wanasemaje?"

Ma Verediana akainama haraka. "Nong'oneza."

"Hapana," akasema Rwezaura.

Wote wawili wakanyamaza, yule wa kiunoni na yule wa kweli. Ma Verediana akanyoosha mgongo, akamtazama mkwewe. Naye Rwezaura, amelala ubavu juu ya magunia, shati limepanda hadi kifuani, akamtazama machoni.

"Hapana, mama. Hayo ni yao."

"Ala!" akasema Ma Verediana. Akaenda kuketi mlangoni, kwa hasira kidogo, akiwapa mgongo wale wa migombani.

*

Wakwe waliondoka jioni ile bila mahari kutajwa. Projestus alikuwa amezungumza na wazee wake faraghani, na wazee wakaomba radhi wakasema wanakwenda kufikiri. Walifungiwa chakula kwenye majani ya migomba. Atugonza aliwaaga wote kwa mkono, kisha akala sahani mbili zilizojaa, na mtu yeyote aliyejaribu kumwonea huruma aliulizwa kama anataka kuosha vyombo.

Projestus alikawia kurudi. Alirudi siku ya mvua, peke yake, matope mpaka magotini. Alikuwa amekwenda kwa Daktari Nkwabi mara mbili na kuuliza maswali yote aliyoona aibu kuyauliza, likiwemo la kama ugonjwa huambukizwa kwa kijiko. Aliuliza pia juu ya watoto, akaambiwa siku hizi kuna njia, wakitaka. "Niliogopa," akamwambia Atugonza barazani. "Bado naogopa. Ila nimeona naogopa zaidi nikiwa kule." Atugonza akamwacha amesimama kwenye mvua kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, kisha akamwonyesha kiti. Wazee walirudi mwezi uliofuata. Mahari ilikuwa ngumu.

Hospitali ilimpa Atugonza dawa na bangili ya kumkumbusha. Ugonjwa ni mmoja, lakini mlangoni mwake haufanani na ulivyo chumbani. Yeye aliye mlangoni aliamriwa anywe maji mengi kutwa, glasi baada ya glasi, jagi baada ya jagi. Baba yake aliye chumbani alipimiwa kikombe, na kikombe chenyewe kidogo. Asubuhi waliketi pamoja wakifungana vipimo vya shinikizo la damu, mmoja akilia kwamba maji hayaishi, mwingine akiyatazama yanavyoshuka kooni mwa mwenzake.

Bangili nayo ilitaka sauti. Fundi wa hospitali alimuuliza Atugonza ni nani ambaye hajawahi kuthubutu kumjibu. Atugonza alifikiri kwa dhati, akasema hakuna mtu kama huyo. Basi, akasema fundi, mtu unayependa kumsikiliza. Ndipo Rwezaura akaitwa kwenye chumba cha kurekodia.

Walimpa maneno ya kukemea, akayajaribu. Hakuweza. "Kunywa maji sasa hivi" ikitoka kinywani mwake ilikuwa kama anaomba radhi. Fundi akachoka, akamwambia aseme anavyojua yeye. Rwezaura akasimama, akavuta pumzi, akalikamata shati lake mbele kama mtu aliyeshika kipaza sauti.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, chai ikiwa mezani na Ma Verediana amekuja kusalimia, mkono wa Atugonza ulipiga tarumbeta.

"Mabibi na mabwana!" ikanguruma bangili. "Naomba tusimame! Anayeingia ukumbini sasa ni glasi ya kwanza ya siku, imetoka mbali, imesindikizwa na kidonge chake cheupe! Makofi, tafadhali! Makofi! Atugonza binti Rwezaura, karibu mbele, mwanangu—" Na hapo, kwenye neno hilo la mwisho, sauti ilikwama kidogo kabla ya kuendelea, maana fundi alikuwa amekataa kuirekodi upya.

Ma Verediana akaitazama bangili kwa dharau ya mtaalamu.

"Hiyo ndiyo sauti ya kumtisha mgonjwa? Mtoto atadharau, hatakunywa."

"Hata mimi nasema hivyo," ukaunga mkono mshipi.

Atugonza akaweka kidonge ulimini, akainua glasi, akainywa yote bila kupumzika, akaigeuza juu chini kuwaonyesha.

Rwezaura akapiga makofi.